Kapu la Bibi Halifunguliwi Njiani

Maharagwe ya siku ya kufunga mwaka yaliingia majini jana yake, saa tisa mchana, kwenye beseni la bluu lililotiwa kiraka cha lami upande mmoja. Aliyeyaloweka alikuwa ameshayachagua mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani na mara ya pili kwa vidole, kwa sababu miwani huona mchanga lakini kidole ndicho kinachojua punje iliyozeeka. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na moja, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na mtaani walimwita Bibi Kapu.

Jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mfuaji katika hospitali moja, kwenye chumba kirefu chenye mvuke ambamo shuka na mablanketi ya wagonjwa yalipita mikononi mwake kwa mamia. Mtu aliyefua mablanketi miaka yote hiyo hujua mambo ambayo hata wauzaji wake hawayajui. Alijua lipi linashika joto na lipi linajisifu tu kwa maua. Mwaka ule mafuta ya taa yalipoadimika, watu wakawa wanapanga foleni na madumu tangu alfajiri, yeye akaanza kupika kwa kapu. Chakula kilichemka jikoni nusu saa na ushei. Kisha mfuniko ulifungwa kwa kamba, sufuria ikavikwa taulo, ikavikwa blanketi la sufu, likafuata la pili, ikashindiliwa ndani ya kapu kubwa la kusuka lenye masikio mawili, na juu yake ukalazwa mto. Basi. Moto ulizimwa, mtu akaenda zake kazini, na chakula kikaendelea kuiva chenyewe humo gizani. Majirani walicheka, kisha wakaja kuuliza, kisha wakaanza kutafuta makapu.

Sharti lilikuwa moja. Kapu halifunguliwi mpaka muda wake utimie. Ukifunua mara moja tu, hata kwa kuchungulia, umelitoa nje joto la saa mbili, na joto likishatoka halirudi kwa kuitwa.

Kila siku ya mwisho ya mwaka wanawe wawili walikusanya watoto na kwenda mtoni, kule juu milimani, safari ya saa nne na nusu. Chakula chao kilikuwa sufuria ya Bibi Kapu: maharagwe kwa nyama ya mifupa, viazi, karoti, vitunguu vingi na majani ya bizari. Alilifunga kapu saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, akalipakia garini, na kwa hesabu zake maharagwe yalimalizia kuiva barabarani, wao wakifika nayo yamefika. Mwenyewe hakuwahi kwenda. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na nyonga mbovu isiyoweza kukaa kwenye kiti cha gari hata nusu saa, na mke hakutaka kumwacha peke yake siku kama ile. Kwa hiyo miaka kumi na minane alisimama mlangoni na kanga mabegani, akawaaga, akasema neno lake lile lile.

"Kapu halifunguliwi njiani."

"Halifunguliwi, Mama."

Na jioni walirudi wamechoka, wamebabuka nyuso, watoto wamelala, na wote wakasema ilikuwa tamu.

Sasa, sufuria ile iliondoka kila mwaka tako lake likiwa jeupe, maana aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ukajiona. Ikarudi na masizi, ukiacha mwaka mmoja tu. Si masizi ya kupitisha kidole. Masizi ya kukwangua kwa kisu. Nayo mablanketi yakarudi na harufu ya moshi, na pua iliyofua miaka ishirini na sita haidanganywi kuhusu blanketi. Alipouliza mara ya kwanza walimwambia, "Tulichemshia maji ya kuoshea vyombo, Mama." Hakuuliza tena. Lakini kila tarehe moja ya mwezi wa kwanza, akiwa amechuchumaa uani anakwangua, lilimjia wazo moja lile lile, nalo halikuwa zuri: kwamba sufuria yake haifiki imeiva, kwamba wanaipika upya kule kule, na kwamba wanamficha kwa kumhurumia.

Alimweleza mumewe. Yule bwana alikuwa na pini tatu mdomoni, akasubiri mpaka akazitoa.

"Kwani wamerudi na njaa?"

"Hapana."

"Basi."

Mume ndivyo alivyokuwa. Alifariki mwezi wa nne mwaka huu ninaousimulia, na kiti ndani ya gari kikapata mtu.

Alipowaambia wanawe kuwa safari hii naye atakwenda, vijiko vilisimama hewani.

"Mama, njia ni mbaya sana," alisema binti yake, ambaye alikuwa karani wa posta na alizoea kuwaambia watu habari mbaya kupitia dirisha dogo.

"Kwani nyinyi hupita angani?"

"Ni mawe matupu. Na choo hakuna."

"Nimezaliwa kabla ya vyoo."

Binti alimtazama kaka yake. Kaka yake aliutazama mkate. Mama aliliona lote hilo, akaendelea kumenya chungwa, na moyoni akasema: vizuri, nitakwenda nione kwa macho yangu inavyofunguliwa. Kama imeiva, nitalala. Kama haijaiva, kapu litakuwa la nguo chafu na wao watafute mpishi mwingine.

Waliondoka saa kumi na moja kamili, watu saba kwenye gari la watu saba. Kijana wake mkubwa aliendesha. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jioni bila kufika popote, kama mkewe alivyopenda kumtania. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikaa mbele na chupa ya chai mapajani. Katikati walikaa Bibi Kapu, binti yake na mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mtoto wa binti. Nyuma kabisa, karibu na kapu, alikaa mume wa binti, bwana mwembamba aliyepima watu macho kwenye duka la miwani na ambaye nyumbani kwake aliomba ruhusa hata ya kubadilisha idhaa ya redio. Pembeni yake alikaa mjukuu mdogo, mtoto wa fundi lifti, msichana wa miaka sita. Huyu Bibi Kapu alimwita mke mwenza, kwa sababu marehemu alikuwa akimwita mke wangu mdogo na kumnunulia peremende ambazo mke mkubwa hakuzionja.

Palipopambazuka walikuwa wameshauacha mji. Bibi Kapu alitazama nje kwa utulivu. Aliona mashamba yaliyovunwa, mbuzi juu ya paa la banda, mwanamke anayeanika shuka uani, akaona hazikung'utwa vizuri. Mguu wake ukagusa kitu kigumu chini ya kiti. Akainama akakivuta. Kilikuwa kikaango, cheusi, mpini umefungwa waya.

Akakitazama sana. Kikaango hicho alikitafuta miaka sita iliyopita, akamshuku mpangaji wa jirani, akakaa naye bila salamu mwezi mzima.

"Hicho ni cha mtoni, Bibi," alisema mke mwenza kutoka nyuma. "Ni cha Waziri."

"Waziri gani?"

"Kula biskuti," alisema fundi lifti, akimtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Mama, nitakueleza," alisema binti.

"Utanieleza," alisema mama yake, akakirudisha kikaango mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha barua isiyo yake.

Saa moja na nusu walifika kwenye kituo cha mafuta, kijumba kimoja, pampu mbili na mti mmoja uliopakwa chokaa. Fundi lifti aliingia na kusimama upande wa nyuma, penye kivuli, bila kujaza mafuta. Ilionekana gari lenyewe lilijua mahali pale. Wote walishuka. Bibi Kapu naye alishuka kunyoosha magoti, akaizunguka pampu, akarudi, akawakuta wamesimama nusu duara nyuma ya gari, mlango uko wazi. Walilitazama kapu kama watu waliokuja kumwona mgonjwa na muda wa kumwona haujafika. Mkono wa mpima macho ulikuwa juu ya mto.

"Nilikuwa naunyoosha, Mama," alisema.

"Umenyooka."

Mpima macho alitoa mkono. Mkewe akamkanyaga mguu. Fundi lifti akasema haya, twendeni, jua halitungoji, na mlango ukafungwa. Njiani mke mwenza aliuliza mara mbili mbona leo hatu-, na mara zote mbili akapewa biskuti.

Mtoni palikuwa pazuri, hilo Bibi Kapu hakulikataa. Maji yalishuka kwenye miamba mipana, yakatulia kwenye kidimbwi cheupe cha mchanga, yakaendelea. Palikuwa na baridi ya kupendeza na nyasi fupi za kutandika mkeka. Lakini kabla ya kutazama maji aliona mafiga. Mawe matatu makubwa, meusi mpaka ndani, na chini yake shimo la majivu yaliyoganda kwa miaka. Kando yake magogo mawili ya kukalia yamelainika kwa kukaliwa. Hayo hayakuwa mafiga ya kuchemshia maji ya vyombo. Yalikuwa mafiga ya watu waliohamia.

Alisema, "Leteni kapu."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Alipiga magoti mwenyewe mbele ya kapu. Aliutoa mto, akafunua blanketi la kwanza, la pili, taulo, akaifungua kamba kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Aliinua mfuniko.

Mvuke ulipanda mpaka ukampiga kwenye miwani. Hakuona kitu. Ikabidi aivue, aifute kwa upindo, aivae tena. Kisha akachota punje moja kwa kijiko, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaibonyeza. Ikalainika bila ubishi, ganda likabaki, moyo ukatoka kama siagi. Akaugusa mfupa mmoja, nyama ikauachia.

"Imeiva," alisema.

"Imeiva, Mama," walisema wote, kwa sauti ambayo hakuielewa. Ilifanana na sauti ya watu wanaoambiwa mitihani ni kesho.

Akapakua. Walikula kwenye mkeka, na mkate, na maji ya mtoni yaliyopozwa kwenye chupa. Walisifia. Fundi lifti alisema nyama ni laini sana. Mpima macho alisema karoti zimebaki na rangi yake, jambo ambalo ni kweli na ambalo mtu wa kazi yake ndiye wa kuliona. Bibi Kapu alikula polepole, na kila tonge lilikuwa linamfutia masizi ya mwaka mmoja. Kumbe sufuria hufika imeiva. Kumbe kosa halikuwa lake.

Saa nne na robo walikuwa wamemaliza, sufuria imebaki nusu kwa ajili ya saa kumi kabla ya kurudi. Hapo ndipo siku iliposimama.

Fundi lifti alikwenda kufuta kioo cha gari, akakifuta, akakifuta tena. Binti alilala chali akajifunika uso kwa kitambaa. Mjukuu mkubwa alitembea na simu juu ya miamba akitafuta mtandao, akainyanyua, akaishusha, kama anayevua samaki hewani. Mpima macho alikaa kwenye gogo, mikono katikati ya magoti, akiyatazama mafiga. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro. Maji yalikuwa ya baridi mno kuogelea asubuhi, na kila mtu alikuwa ameshiba mno kutembea. Fundi lifti alitazama saa yake, akasema labda tukirudi mapema tutaikwepa foleni ya magari.

"Baba," alisema mke mwenza, "moto tunawasha saa ngapi?"

"Leo hatuwashi. Bibi ameleta chakula kimeiva."

"Kila siku Bibi analeta."

Biskuti zilikuwa zimekwisha.

Bibi Kapu alikusanya sahani, akateremka nazo majini. Mkwewe, mwalimu wa chekechea, alimfuata na sabuni. Walichuchumaa jiwe moja, mmoja anasugua, mwingine anasuuza. Mkwe huyu alikuwa na tabia ya kusema ukweli polepole, kwa maneno mafupi, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema na watu wa miaka minne.

"Mama, nikwambie jambo?"

"Sema. Siku nzima nangoja."

"Sisi huwa tunafungua kapu."

Bibi Kapu hakuacha kusugua. "Pale kwenye pampu."

"Pale pale. Mwaka wa kwanza ilikuwa njaa tu. Mwanao alisema ataonja kijiko kimoja. Kila mtu akaonja kijiko kimoja. Tulipofika hapa maharagwe yanagonga sahani kama changarawe. Ikabidi tuwashe moto, na hakuna aliyejua kuwasha. Tulipuliza mpaka macho yakatoka machozi. Mume wa wifi ndiye aliyefaulu. Tukampa cheo."

"Waziri."

"Waziri wa Moshi. Akiwa hapa yeye ndiye mkubwa. Anatuamrisha. Wifi anatumwa kuni na anakwenda."

"Anakwenda? Huyu wangu?"

"Mbio, Mama. Basi tukakaa kungoja. Tulingoja kwa muda wa saa tatu. Tukaimba, tukachoma viazi kwenye majivu, wanaume wakashindana kurusha mawe, mwanao akaanguka mtoni na viatu. Tulikula saa nane, tuna njaa ya kufa. Mwaka wa pili tukafungua kwa bahati mbaya."

"Na wa tatu?"

"Kwa bahati mbaya tena."

"Na wa kumi na nane."

"Kumi na saba, Mama. Mwaka mmoja mvua ilinyesha tangu nyumbani, hatukushuka kwenye pampu. Tulifika imeiva, tukala ndani ya gari, saa tisa tulikuwa tumesharudi. Uliuliza mbona mapema."

Aliukumbuka mwaka huo. Ndio mwaka pekee ambao sufuria ilirudi na tako jeupe.

"Miaka yote hiyo mimi nakwangua masizi," alisema, "nikidhani sijui kupika."

Mkwe aliacha kusuuza. Hilo hawakuwa wamelifikiria. Watu sita, wengine wamesoma, na hawakuwa wamelifikiria hata mmoja.

"Nisamehe, Mama."

"Mngeniambia."

"Tuliogopa utalitengeneza. Wewe kitu kikiharibika hulali. Ungeweka blanketi la tatu. Ungetununulia kufuli."

Ni kweli, angenunua kufuli. Aliwaza hivyo, akasugua kijiko ambacho kilikuwa kimeshatakata. Hasira ilikuwepo, hakuidanganya nafsi yake. Ilikaa kifuani kama chakula kilichomezwa haraka. Upande mmoja alikuwa ameshinda: sufuria yake inafika, imeiva, karoti na rangi yake, na mashahidi sita wameila. Angeweza kurudi nyumbani na ushindi huo akakaa nao uani, yeye na beseni lake. Upande wa pili, alipogeuka kutazama juu, aliwaona walivyokaa kila mmoja na jiwe lake, wameshiba, wamechoka bila kazi, wanangoja mzee aseme twendeni. Na fundi lifti alikuwa anafuta kioo kwa mara ya nne.

Akamaliza vyombo. Akapanda polepole, mkono kiunoni, mpaka kwenye mkeka. Akapiga magoti mbele ya sufuria, akaifungua, akazamisha upawa mpaka chini kabisa, akakoroga kama anayetafuta pete. Akachota maharagwe matano. Akayatafuna moja moja, macho yameinuliwa juu, wote wakimtazama. Akayatafuna zaidi ya yalivyohitaji, maana yalikuwa laini kama ndizi.

"Bado," alisema.

"Bado nini, Mama?" aliuliza fundi lifti.

"Haijaiva."

"Mama, tumeila sasa hivi. Imeiva."

"Mmekula ya juu. Ya chini bado."

Fundi lifti alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa mashine, na alijua kwamba ndani ya sufuria moja iliyochemka hakuna juu na chini. Alitaka kulisema hilo. Mkewe, aliyekuwa anapanda na beseni la sahani, alimtazama jicho moja tu, lile la kunyamazisha darasa. Akaufunga mdomo.

"Mimi nilihisi," alisema mpima macho kutoka kwenye gogo. Alikuwa ameshasimama. "Kuna moja lilinigonga jino."

"Umeona," alisema Bibi Kapu. "Mwenye macho ameona. Itaharibika hii tukiiacha hivi. Sijui sasa tutafanyaje, na moto wenyewe hakuna."

Binti aliutoa uso kwenye kitambaa. Akamtazama mama yake, akamtazama mumewe, akaketi.

"Wewe," mpima macho alimwambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imeshuka chini na kupata miguu, "kuni nyembamba kwanza. Usiniletee mbichi kama mwaka jana. Shemeji, upepo umegeuka, geuza lile figa la kushoto. Wewe mwenye simu, weka chini, nenda kachukue kikaango."

Binti wa Bibi Kapu, karani wa posta, mtu aliyewahi kumrudisha meneja wake nyuma ya foleni, aliinuka akaenda kutafuta kuni. Hakukimbia, lakini alikwenda haraka. Mama yake alimsindikiza kwa macho mpaka vichakani.

Moto ulikataa mara mbili. Waziri alilala kifudifudi akapuliza, akatoka na majivu kwenye nyusi. Fundi lifti alitoa ushauri, akaambiwa ushauri ukapande lifti. Mara ya tatu ulishika. Sufuria ikapandishwa, na tako lile jeupe, lililosuguliwa juzi kwa mchanga na majivu, likaanza kuwa jeusi mbele ya macho ya aliyelisugua. Alitaka kusema kuni zipunguzwe. Akasogea hatua moja.

"Mama, huko kuna wenyewe," alisema Waziri bila kugeuka. "Kaa kwenye gogo."

Akakaa kwenye gogo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimfukuza jikoni. Mke mwenza alikuja akaketi pembeni yake, akamweleza mambo yote kwa mpangilio: kwamba sasa watachoma viazi, kisha baba ataanguka mtoni, kisha wataimba ule wimbo mbaya.

"Baba ataanguka kweli?"

"Anasema anateleza."

Ikaingia saa sita, ikaingia saa saba. Viazi vilitoka kwenye majivu vimeungua upande na vibichi upande, vikaliwa kwa chumvi. Kikaango kilikaanga vitunguu mpaka vikawa kama mkaa, wakagombania. Fundi lifti alirusha jiwe, akateleza, akaingia majini mpaka kiunoni, akakaa humo akitafuta kiatu huku mkewe akimhesabia kama anavyowahesabia watoto wa chekechea. Wimbo ulikuwa mbaya kweli. Ulimhusu Waziri, ulikuwa na beti nyingi, na kila mwaka waliongeza ubeti mmoja. Mwaka huu ubeti ulihusu mtu aliyenyoosha mto. Bibi Kapu alijifunza kiitikio, akakiitikia kwa sauti ya wastani.

Mara moja moshi uligeuka ukampiga usoni. Binti yake alihama, mkwewe akahama. Yeye alibaki pale pale, akafunga macho, akauacha umwingie kwenye kanga.

Saa nane na dakika kumi Waziri alifunua sufuria, akaonja, akawaza, akampelekea mama mkwe kijiko kwa mikono miwili.

"Sasa, Mama?"

Maharagwe yalikuwa yamepondeka. Viazi havikuonekana tena, vimegeuka uji. Chini pamefanya ukoko, na mchuzi wote ulikuwa na ladha ya moshi na ya kitu kilichosahauliwa. Mtu yeyote mwenye ulimi angesema sufuria ya asubuhi ilikuwa bora mara tatu.

"Sasa imeiva," alisema.

Wakala kwa kelele, wakiwa wamesimama, wakikwangua sahani. Bibi Kapu alikula sahani mbili. Kwenye ya pili alisema imeungua kidogo, na Waziri akamwambia chakula cha serikali hakikosolewi, naye Bibi akasogeza sahani yake apakuliwe ukoko.